Uzi wa waliowahi kukaa mbele ya chaneli ya ratiba wakisubiri orodha ipande

Mwana wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe nimekaa nalo kifuani wiki nzima.

Juzi usiku nilikuwa YouTube natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na video ya dakika arobaini na ushei. Ndani yake hakuna hadithi wala mtangazaji. Nusu ya juu ya skrini vinapita vionjo vya filamu. Nusu ya chini kuna jedwali la bluu linapanda taratibu: kushoto jina na namba ya chaneli, mbele yake nusu saa tatu zinazofuata na vipindi vyake, na kwenye ukingo wa jedwali saa inahesabu sekunde. Basi, hakuna zaidi. Nikaitazama yote. Mke wangu akauliza natazama nini, nikashindwa kumjibu.

Ilikuwa Prevue, chaneli ya ratiba. Waliokaa Marekani miaka ya 1990 na nyumbani mwao kulikuwa na kebo hawahitaji maelezo. Kwa wengine: zama hizo kebo, yaani televisheni ya kulipia inayokuja kwa waya, ilikuletea chaneli arobaini, hamsini, lakini rimoti haikuwa na kitufe cha ratiba. Ukitaka kujua kuna nini unanunua jarida la TV Guide, lililokuwa likitoka kila wiki nchi nzima tangu 1953, au unatunza kijarida kilichokuja na gazeti la Jumapili mpaka kinachanika, au unakwenda kwenye chaneli ile moja ambayo kazi yake ni kukuonyesha orodha tu, usiku na mchana.

Na orodha yenyewe haikukusikiliza. Haisimami, hairudi nyuma. Inaanza namba ndogo inapanda mpaka kubwa kisha inaanza upya. Ukigeuka kumjibu mtu jambo, chaneli uliyoingoja imeshapita, kaa chini usubiri mzunguko. Kwetu mzunguko ulikuwa dakika nne au tano, na zaidi matangazo yakiingia kati. Waliokuwa na haraka iliwaudhi sana. Nyumba nzima mnakodoa macho, mmoja anaita "inakuja, inakuja", halafu simu inalia.

Lakini sikuanzisha uzi kwa ajili ya kero ile. Nimeuanzisha kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikuja Columbus, Ohio, Januari 1997, mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili. Alitoka Ngamiani, Tanga, alikokuwa na duka la rejareja: sukari ya kupima, mafuta ya taa, sabuni za vipande. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Hesabu lakini alikuwa nazo kichwani, na mimi niliyepelekwa chuo alikuwa akinishinda nikiwa nimeshika kalamu.

Nje theluji mpaka magotini. Mimi zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Mke kalala na kichanga. Mama anabaki sebuleni na mkubwa wetu, miaka minne, anayeamka alfajiri akililia katuni. Wiki ya kwanza mama alihangaika, anabonyeza namba moja moja, na mara mbili tatu alikutana na mambo yaliyomfanya amfunike mtoto uso kwa kanga. Akawa anaizima kabisa, mtoto analia, mke wangu anaamka.

Wiki ya pili narudi kazini asubuhi, theluji bado iko kwenye viatu, namkuta mama ametulia na kikombe cha chai ya tangawizi, mtoto amekaa mapajani mwake anatazama katuni. Nikamwuliza, "Mama, umeipataje?" Akasema, "Nimesoma." Nikadhani ameokota Kiingereza kwa jirani. Akachukua rimoti akanirudisha kwenye chaneli ya ratiba, akainuka, akasimama karibu kabisa na televisheni akawa ananionyesha kwa kidole kama anavyomwonyesha mteja bei iliyoandikwa ubaoni.

"Hii nyekundu ni sinema. Hii ya kijani ni mpira. Hii samawati iliyopauka ni ya watoto. Namba yake hii hapa. Saa yake hii hapa juu, toa sita. Ikikataa, ongeza sita."

Toa sita! Juu ya jedwali imeandikwa 7:00, yeye anasoma saa moja. Imeandikwa 8:30, yeye saa mbili na nusu. Kisha akanionyesha kimshale kilichokuwa kikikaa mwanzoni mwa baadhi ya vipindi: "Chenye hiki kimeshaanza zamani, usihangaike nacho."

Wakuu, nilikuwa na miaka saba Marekani, na chaneli ile niliitazama karibu kila siku. Sikuwahi kuona kuwa zile rangi zina maana. Nilikuwa nasoma maneno, na maneno yalinitosha. Mama hakuwa na maneno, akaona vyote vilivyobaki.

Alipokuja tena 2006 tulikuwa na kisanduku cha kidijitali chenye kitufe cha ratiba. Mamia ya chaneli. Unaishusha mwenyewe kwa mishale, unachagua, unathibitisha, na ukikosea kitufe kimoja unaulizwa kama unakubali kununua filamu. Mama alijaribu siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, niwashie tu chochote." Yule aliyekuwa akiongoza televisheni ya nyumba nzima akawa anasubiri awashiwe. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mlioishi na chaneli ile, mnakumbuka nini? Na kama kuna fundi humu nina swali. Binamu yangu Houston alikuwa na Prevue hiyohiyo, sura ileile, vionjo vilevile, lakini namba za chaneli zilikuwa za kwao Houston, na kwetu zilikuwa za kwetu. Ilijuaje?

Kibarua wa Usiku

Mkuu, hapo pa "inakuja, inakuja" umenimaliza. Sisi tulikuwa vijana sita chumba kimoja New Jersey, mwenye zamu ya kutazama orodha alikatazwa kupepesa macho. Mechi za soka zilikuwa za nadra kwenye kebo, ukiikosa kwenye orodha umeikosa wiki nzima. Nangoja mafundi waje.

FundiWaMinara

Shikamooni wakubwa. Mwana wa Ngamiani, swali lako la mwisho ndilo langu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nilifanya kazi ya kebo jimbo la Indiana kuanzia 1991 mpaka 1999. Kampuni yenyewe sitaitaja.

Jibu fupi: ilijua kwa sababu ilikuwa palepale mjini kwenu. Watu wengi walidhani Prevue ni stesheni mahali fulani inayorusha picha nchi nzima kama CNN. Sivyo. Lile jedwali lilichorwa na kompyuta moja iliyokaa kwenye kituo cha kebo cha mji wenu, ikiwachorea ninyi peke yenu. Mji wa jirani ulikuwa na kompyuta yake.

Habari za vipindi zilitoka Tulsa, Oklahoma, kwa kampuni ya United Video. Hao ndio waliokuwa wakisambaza kwa satelaiti stesheni ya WGN ya Chicago, ile iliyoonyesha mechi za Cubs, timu yao ya besiboli. Sasa, pembeni ya sauti ya WGN kwenye mawimbi palibaki nafasi. Hapo ndipo walipoipitisha ratiba, biti 2400 kwa sekunde. Kwa kipimo cha leo ni konokono. Ratiba ya nchi nzima ilimwagwa humo, na kila kompyuta ikaokota inayoihusu na kuiacha ipite isiyoihusu. Mnakumbuka majina ya waliofaulu yakisomwa redioni? Yanasomwa yote, na kila mzazi sikio lake liko kwa la mwanawe. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa kebo aliyekuwa akitazama mpira wa Chicago hakujua kuwa ndani ya wimbi hilohilo kuna orodha ya vipindi vya mji wake inapita.

Huduma ilianza 1981 ikiitwa Electronic Program Guide, maandishi matupu. Katikati ya miaka ya 1980 walitumia vikompyuta vya Atari na Amiga 1000, na 1988 ikaja Prevue Guide kwenye Amiga 2000, na hapo ndipo vionjo vikakaa juu na orodha chini. Kwa nini Amiga? Kwa sababu mwendo wa saa yake ya ndani ulilandana na mwendo wa picha ya televisheni ya Marekani, kwa hiyo uliweza kuyalaza maandishi yake juu ya video bila picha kuchezacheza. Mitambo ya studio iliyofanya kazi hiyo ilikuwa bei ya nyumba. Amiga ilikuwa kompyuta ya watu kuchezea michezo nyumbani.

Sasa niwapeleke ndani. Kituo chetu kilikuwa banda la matofali nje ya mji, katikati ya mashamba ya mahindi. Madishi makubwa uani yanatazama kusini. Ukifungua mlango wa chuma unapigwa na ubaridi wa viyoyozi na mlio wa feni usiokoma. Vyuma vimesimama safu mbili, kila chaneli na mtambo wake, na chini kabisa, kwenye rafu ya mwisho, iko Amiga. Rangi yake ya maziwa imeshageuka njano. Haina kibodi, haina kipanya. Imesukumiwa ndani kama sufuria isiyotumika. Lakini usiku wenye radi ndipo unapoijua thamani yake.

Umeme ukikatika nusu sekunde, vyuma vingine vyote vinarudi vyenyewe. Amiga huwa haikubali. Skrini inakuwa nyeusi, juu kunatokea mstatili mwekundu unawaka na kuzima, na ndani yake maandishi mekundu: programu imefeli, bonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya kuendelea, halafu "Guru Meditation" na tarakimu. Hayo yote yanaonekana majumbani! Watu wanapiga simu ofisini kuuliza kama wamevamiwa. Na kipanya cha kubonyeza hakipo. Dawa ni moja, mtu aende bandani akaizime aiwashe. Kampuni haikutaka kulipa saa za ziada za mwisho wa wiki, kwa hiyo Ijumaa usiku ikifa, mji mzima unatazama maandishi mekundu mpaka Jumatatu asubuhi. Niliwaambia wakubwa wangu mara nyingi kuwa mji una wazee wanaoitegemea. Mara nyingine nilikwenda kwa petroli yangu.

Na kuanzia 1994 hali ikawa ngumu zaidi, maana Commodore waliotengeneza Amiga walifilisika Aprili mwaka ule. Vipuri hakuna. Tulichinja mbili tupate moja nzima.

Mwana wa Ngamiani

> FundiWaMinara aliandika: lile jedwali lilichorwa na kompyuta moja iliyokaa kwenye kituo cha kebo cha mji wenu, ikiwachorea ninyi peke yenu.

Fundi, nimeisoma sentensi hii mara tatu. Hatukuwa watu wa kulijua banda hilo, na huenda nilipita mbele yake kila siku nikienda ghalani. Asante kwa petroli yako. Nasema kwa niaba ya mama.

Mzee wa Tulsa

Nimesoma Tulsa toka 1993 mpaka 1996, nikiosha vyombo hotelini jioni. Chumbani Prevue ilikuwa ndiyo taa yangu ya kulalia. Leo, kwenye uzi huu, ndiyo nimejua kuwa orodha ya Marekani nzima ilikuwa ikitoka mji uleule niliolala.

BintiKariakoo

Nawasalimu kutoka Leicester. Huku hatukuwa na Prevue, tulikuwa na Ceefax ya BBC, na nayo ni ndugu wa damu. Ilianza Septemba 1974 ikazimwa Oktoba 2012. Zilikuwa kurasa za maandishi zilizofichwa kwenye mistari ya picha ambayo jicho halioni, na televisheni yenye uwezo huo ilizichota. Unabonyeza namba ya ukurasa, tarakimu tatu. Mpira 302. Maandishi ya wasiosikia 888. Nao pia ulisubiri, kwa sababu kurasa zilikuja kwa zamu: unaona tarakimu juu zinahesabu, zinahesabu, mpaka ukurasa wako ufike.

Mama mdogo wangu alifika hapa akiwa mtu mzima, na alijifunza Kiingereza kwa 888. Anasikia neno, analiona limeandikwa chini, anaandika kwenye bahasha. Kwa hiyo nakuelewa kaka. Vitu hivi havikutengenezwa kwa ajili yetu wageni, lakini vilikuwa na mpangilio usiobadilika, na mgeni anahitaji kitu kisichobadilika ili apate pa kushika. Siku ya kuzimwa nilimpigia simu. Akaniuliza kama 302 nayo inaondoka.

Dogo wa King'amuzi

Wakubwa zangu, kwa heshima zote, nauliza kwa nia njema. Mimi nimezaliwa 2001, niko Dar. Kwa maelezo yenu naona kitu kilichokuwa kinakusubirisha dakika tano kukupa jibu ninalolipata kwa sekunde moja. Mnachokikumbuka ni chaneli au ni umri wenu na watu waliokuwepo?

Mwana wa Ngamiani

Dogo, swali zuri, na sitalikwepa. Mama yangu namkumbuka, ndiyo. Lakini angalia alichokifanya. Alikaa kimya mbele ya kile kitu siku saba, kikamfundisha. Kingeweza kumfundisha kwa sababu kilikuwa kinapita chote mbele yake, hata asivyoviomba, kwa mpangilio uleule. Hakuhitaji kujua cha kuuliza. Ratiba ya sasa inakujibu kwa sekunde moja, kweli, lakini lazima kwanza ujue jina la unachotaka na uweze kuliandika. Asiyeweza hilo hana pa kuanzia. Mimi naona tulipewa haraka, na wale waliokuwa wakijifunza kwa kutazama tu wakaachwa nje ya mlango.

Na kuna jingine. Orodha ile ilikupitisha mbele ya vitu usivyovitafuta. Unangoja namba 38, unapitishwa kwenye 12, 19, 27, unaona kuna filamu ya nyangumi, unasahau ulichokuja kutafuta. Nilipata kuona upasuaji wa moyo, mnada wa farasi, mjadala wa bunge lao, yote kwa sababu nilikuwa nangoja kitu kingine.

Dogo wa King'amuzi

Nimekuelewa mkuu. Sasa na mimi niseme. Bibi yangu Mwananyamala hajui kusoma vizuri, anaendesha king'amuzi kwa kukariri namba. Taarifa ya habari namba fulani, tamthilia namba fulani. Mwaka juzi kampuni ikapanga namba upya usiku mmoja bila yeye kujua. Asubuhi nimemkuta ameishika rimoti ananiambia televisheni imeibiwa vitu vya ndani. Tulikaa naye wiki nzima kumkaririsha upya. Ingekuwepo chaneli moja inayopitisha orodha yenye rangi, angejipata mwenyewe.

BintiKariakoo

Dogo, mpe bibi shikamoo yangu.

Kibarua wa Usiku

Niwakumbushe ilivyokufa, maana mimi ilinikera. Mwaka 1998 United Video wenyewe wakatangaza kulinunua jarida la TV Guide kutoka News Corporation, na tarehe 1 Februari 1999 Prevue ikabadilishwa jina ikawa TV Guide Channel. Jina la jarida lilikuwa kubwa kuliko lao. Mwanzo tulifurahi. Halafu vikaanza vipindi vya waigizaji wamevaa nini kwenye zulia jekundu. Orodha ikasukumwa chini, ikabanwa, ikawa mistari michache. Unakuja kutazama ratiba, unatazamishwa watu wa mjini wakijadili gauni. Ikauzwa, ikauzwa tena, orodha ikaondolewa kabisa. Januari 2015 ikapewa jina Pop, ikawa chaneli ya burudani kama nyingine. Aliyekuwa amelala toka 1998 akiamka hawezi kuamini kuwa ni chaneli ileile.

FundiWaMinara

Kibarua yuko sahihi, ila nisiseme kwamba kampuni ndiyo iliyoiua peke yake. Visanduku vya kidijitali vilipoingia kila nyumba ilipata ratiba yake, na mashine ya kuuchorea mji mzima orodha moja ikakosa kazi. Kwa mtu wa mahesabu lilikuwa jambo la wazi. Mimi niliondoka kabla ya kuiona Amiga yetu ikitolewa, na nashukuru.

Kabla sijasahau, kuna jambo la matangazo. Kompyuta ile ilituruhusu kuingiza matangazo ya maandishi ya wenyeji katikati ya orodha. Nilikuwa nayaandika mimi. Muuza pizza, fundi wa mabomba, kanisa lenye chakula cha jioni Alhamisi. Kulikuwa na bibi kizee mmoja wa Kijerumani aliyeuza mayai, alilipa dola chache kwa mwezi, na kila nikipita dukani ananiuliza kama tangazo lake bado linapanda. Hakusema linaonyeshwa. Alisema linapanda.

Sasa Mwana wa Ngamiani, nina ombi. Kuna vijana huko Marekani, wapenzi tu wa mambo haya, wameipata programu ya asili ya Prevue wakaifufua ndani ya kompyuta za kisasa zinazoigiza Amiga. Inapanda tena, rangi zake, saa yake, vyote. Wanaweza kuilisha ratiba ya leo au ya zamani. Kinachowasumbua ni kile kile ulichoniuliza: namba za mji. Programu ilikuwa moja lakini kila banda lilikuwa na orodha yake, na orodha hizo zilifutika mashine zilipotupwa. Zilizopona ni zile zilizonaswa na watu waliosahau kuzima deki zao. Hebu tafuta nyumbani. Kaseti yoyote, gazeti lolote, karatasi ya kebo iliyokuwa ikibandikwa juu ya televisheni. Columbus 1997, chochote.

Mwana wa Ngamiani

Fundi, kaseti hatuna. Deki yetu ilikula kanda tukaitupa. Karatasi ya kebo nayo haipo.

Ila nimempigia binti yangu, yule aliyekuwa na miaka minne, sasa yuko Cincinnati na ana mtoto wake. Nikamweleza uzi huu. Akaniambia, "Baba, si lipo daftari la bibi?" Mimi nilikwisha kulisahau. Mama alipoondoka Mei 1997 alimwachia mtoto daftari dogo la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, alilokuja nalo kutoka Tanga kwa ajili ya kuandika madeni ya duka. Kurasa za mbele ni madeni kweli, nani kachukua kilo ngapi za unga. Kurasa za nyuma aliandika chaneli. Binti amelitunza miaka yote kwenye boksi la picha.

Amenipigia picha ukurasa wa kwanza. Naunakili kama ulivyo, mwandiko wa kalamu ya bluu, saa zote za Kiswahili:

*2. Orodha yenyewe. Ukipotea rudi hapa.*

*9. Mvua na theluji. Tazama kabla hawajatoka.*

*17. Wanauza pete na mikufu, usiku kucha.*

*22. Samawati. Watoto. Saa 12 asubuhi mpaka saa 4. Jumapili hakuna.*

*26. Mahakama. Hakimu mwanamke, mkali.*

*31. Wanapika. Hawatii nazi.*

*35. Kijani. Kikapu. Baba yao akirudi mwekee hii, asile amesimama.*

*44. Nyekundu. Sinema za zamani, hazina aibu yoyote, mtoto aweza kukaa.*

Fundi, zimebaki kurasa tano. Binti anazipiga picha kesho akitoka kazini, nitaziweka zote hapa. Wape hao vijana, na uwaambie 22 ya Jumapili waiache tupu.